Mate ya Kusokotea

Uzi ulikatika tena. Mama alitia vidole viwili mdomoni, akavitoa vikavu kama alivyovitia.

“Nipe maji.”

Nilimsogezea bakuli. Lakini kitani hakidanganyiki kwa maji. Nyuzi ziliungana kidogo, zikakauka, zikasimama kama manyoya ya paka aliyetishwa. Kijijini kwetu, katika nchi ya vinamasi ya Polesia, wanawake husokota kwa mate, na kitambaa ambacho bi harusi hupiga magoti juu yake kanisani, uzi wake sharti utoke mkononi mwa mama yake. Harusi yangu ilipangwa baada ya kuvuna viazi.

Jirani yetu Ahafya alichungulia mlangoni. “Yadviga, siku hizi hata kunitukana huwezi? Kijiji kimepoa!”

“Ngoja nilowanishe ulimi, mchawi wewe, utanitambua,” mama alijibu kwa sauti iliyokwaruza.

Ahafya alicheka. Kisha akauona uzi sakafuni, akaondoka bila kuketi.

Majira ya baridi yaliyopita mama alikuwa na uvimbe kooni. Daktari wa mjini alitueleza kwamba mionzi ingeuua uvimbe, ila ingeziunguza pia tezi za mate zilizo jirani. Mdomo ungekauka, pengine maisha yote. Akauliza, “Mama, kazi yako yategemea mdomo? Unaimba? Unafundisha?”

“Mdomo wangu ni wa kula na kugombana, daktari. We choma tu.”

Tulicheka wote watatu. Kusokota tulikuita kazi ya mikono. Hakuna aliyekumbuka kinacholowanisha uzi. Tungesema, labda angetafuta njia ya kunusuru tezi za upande mmoja. Labda isingewezekana. Uvimbe ulikwisha, mama akabaki hai, nami nashukuru kila siku. Lakini hilo “labda” halijanitoka.

Mama alisukuma kando gurudumu la kusokotea. “Utapiga magoti kwenye kitambaa cha dukani, Ulyana. Mungu hatakagua.”

“Nitapiga magoti kwenye chako.”

Nilivuta kigoda, nikakaa hadi magoti yetu yakagusana. Nikafungua mdomo, nikatoa ulimi.

Mama alifuta vidole kwenye sketi. Halafu, kwa haya, kama mgeni anayeomba chumvi nyumba asiyoizoea, aliugusa ulimi wangu, akarudi kwenye kitani. Uzi ukateleza, mwembamba, mzima.

Tuliendelea hivyo mchana kutwa. Kila aliponyoosha vidole alisema, “Samahani, mwanangu,” nami, mdomo wazi, sikuweza kumjibu.