Damu Isiyotosha

"Mama, njoo utie chumvi," Zainabo aliita, akajitenga na chungu cha kisamvu.

Wanawake waliokuwa mekoni waligeuka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chakula cha watu. Hutiwa na mtoto, au na bibi aliyekoma hedhi. Na katika kijiji hiki kilichozungushiwa waya wa miba na Wareno, ambamo nyumba zilibanana mpaka mtu akipiga chafya jirani humwombea afya, mambo kama hayo hayakuwa siri. Zainabo alitaka wasikie wote.

Bi Fátima, mama mkwe wake, akaja akijikongoja. "Mkono wangu mzito, msinilaumu."

"Tia kidogo, bibi," mmoja akatania. "Chumvi yenyewe tunagawiwa kama dawa."

Zainabo alicheka nao. Moyoni alikuwa anahema kama mtu aliyeponea chupuchupu. Asubuhi ile aliona doa kwenye kitambaa, doa dogo la rangi ya kutu, lisilotosha hata kupenya upande wa pili. Lakini ni damu, alijiambia, na damu ni damu.

Aliihitaji kuliko chakula. Kwa kijiji kizima yeye alikuwa mjane. Mumewe, Cassamo, ilisemekana alizama baharini, upande wa kisiwa cha Vamizi. Hitima ikasomwa, eda akakaa mpaka ikaisha. Ukweli ni kwamba Cassamo alivuka Ruvuma akajiunga na wapiganaji wa uhuru, na sasa kikosi chake kilikuwa kimerudi msituni, karibu. Siku wanawake walipotolewa kwenda mikokoni kutafuta kaa, Zainabo alimkuta mumewe amekaa juu ya mizizi, matope mpaka kiunoni, anatabasamu kama mjinga. Hawakukaa sana. Ilitosha.

Tumbo likichomoza, kijiji kitakuwa na majibu mawili tu: ama Zainabo ni malaya, ama marehemu anatembea. Hilo la pili, Rajabo, sipai wa langoni, askari mweusi wa Wareno, atalitafuta kwa kiboko mpaka alipate, na akilipata Cassamo amekwisha. Ndiyo maana hata Bi Fátima hakuambiwa kwamba mwanawe yu hai. Mzee yule hakujua kufurahi kimyakimya.

Kesho yake kitambaa kilikuwa kikavu.

Angepaswa kuoga josho, arudi kwenye sala na kwenye chumvi. Lakini ni hedhi gani hiyo ya siku moja? Akaendelea kujifanya. Adhana iliposikika alibaki ameketi, macho chini, akijiona kama mwizi aliyeingia nyumba isiyo na mlango wa kutokea.

Kisha ikaja siku ya papa mkavu. Harufu ilipopanda kutoka mekoni, Zainabo alikimbilia nyuma ya choo. Alipoinua kichwa alimkuta Felismina, Mmakonde aliyehamishwa kwa nguvu kutoka upande wa Mbau, mkunga wa kijiji kizima, Wakristo kwa Waislamu.

"Unatapika nini, na tumbo tupu?"

"Papa ameoza."

"Papa hunuka tangu tuzaliwe. Juzi ulikuwa unamtafuna kwa mikono miwili."

"Nilikuwa kwenye siku zangu, mama. Kila mtu anajua."

"Kila mtu ameona chumvi. Mimi nauliza damu. Ilijaza kitambaa?"

Zainabo alitikisa kichwa.

"Rangi gani?"

"Kama kutu. Ikakatika."

Felismina alichuchumaa mbele yake. "Sikia. Humu ndani damu za wanawake zimepungua. Njaa huzipunguza, hofu huzipunguza. Wapo wanaopata matone na hawana kitu tumboni. Lakini njaa haimfanyi mtu amkimbie papa. Matiti je?"

"Yanauma. Hata kanga ikigusa."

"Mimba inapojishika, wengine hudondosha kidogo. Nimezalisha wengi walioniapia kwamba siku zao waliziona. Siwezi kukuapia mimi. Ngoja mwezi ujao. Ila ungekuwa binti yangu, ningekwambia uanze kufikiri leo."

"Inaweza kutolewa?"

"Inaweza. Na wewe unaweza kufa. Dawa ni hiyo hiyo."

Hakuuliza mimba ni ya nani. Hilo lilimtisha Zainabo kuliko yote.

Mwezi uliofuata halikuja hata tone. Waya wa nje aliuzoea. Sasa aliubeba mwingine ndani, na huu ulikuwa unakua. Rajabo naye alikuwa ameanza: "Mjane mzuri kama wewe, utalala peke yako mpaka lini?" Akikubali kuolewa, mtoto atapata baba. Alilifikiria jambo hilo alasiri nzima akitwanga, meno ameyauma, mpaka unga ukawa vumbi. Kisha akaacha: Rajabo angehesabu miezi. Aibu angeweza kuishi nayo. Cassamo akikamatwa hataishi.

Alimwambia Bi Fátima uani, mchana kweupe.

"Mama, nina mimba."

Mzee aliweka ungo chini. "Ya nani?"

"Mvuvi wa Makaloe. Alipita, akaenda zake."

Alipomaliza kusema aliusikia upumbavu wake. Tangu waya uzungushwe, hakuna chombo cha kisiwa cha Makaloe kilichoruhusiwa kutia nanga pwani ile. Mtoto mdogo alijua hilo. Rajabo alijua zaidi.

Bi Fátima alimtazama, akamtazama tena. Halafu akasimama, akajishika kichwa, akapiga ukelele.

"Sipai! Umelala na sipai! Taja ni yupi, hayawani wee! Jamani, njooni mwone, walinzi wenyewe ndio wanaotuharibia nyumba! Nitakwenda kwa Mreno, nitawataja mmoja mmoja!"

Wanawake walitoka. Watoto walitoka. Langoni Rajabo, aliyekuwa ameanza kucheka, alifunga mdomo. Alimtazama mwenzake, mwenzake akamtazama yeye, kisha wote wawili wakageukia barabara kana kwamba kuna gari linakuja.

Bi Fátima alimrukia mkwewe, akamkamata kanga shingoni, akamtikisa huku akimtukana yeye na ukoo wake. Alimvuta karibu mpaka pumzi zao zikagongana. Sauti ikashuka ghafla.

"Mwanangu amekonda?"

Zainabo hakuthubutu kufungua mdomo. Aliinamisha kichwa, polepole, na kila aliyekuwa uani aliona mwanamke aliyeaibika.