Amepumzika

Mzee Soli alikuwa mtu wa maneno, jamani. Ukimpelekea kiatu kutiwa soli, unarudi na kiatu na mahubiri juu. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili ndiye aliyesoma matangazo: harusi, vikao, waliofariki. Kwa wafiwa alikuwa na dawa yake moja, kwamba Mungu ana makusudi, na mateso hukomaza imani. Aliigawa kama peremende, kisha akarudi zake kwenye gundi na sindano.

Halafu saratani ikaingia kwenye mifupa ya mke wake.

Siku kumi na tisa mama wa watu hakulala. Si kwamba alilala vibaya, hakulala. Akisinzia kidogo maumivu yanamshtua, anaanza upya kuuma shuka ili wagonjwa wenzake wasimsikie. Waumini walikuja wodini kwa zamu, na kila aliyekuja alileta habari za yule mzee wa majipu kwenye Biblia, aliyepoteza vyote akarudishiwa maradufu. Mzee Soli aliwasikiliza akaona haya, maana maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Miaka yote hakujua kwamba ni matupu kiasi hicho.

Sala ilimkaukia mdomoni. Habari za kupona alishaacha kuziomba, kwa kuwa daktari alisema wazi kwamba hapo hakuna la kufanya tena. Alibaki na ombi moja, dogo hata la kutia aibu: mkewe apate usingizi, japo wa saa moja. Alipoona hata hilo halijibiwi, akanyamaza. Mbele za watu aliitikia amina, lakini moyoni alikuwa amemnunia Mungu, amenuna kabisa, kama mtu anavyomnunia ndugu yake aliyegombana naye.

Siku ya ishirini alifika asubuhi na chupa yake ya chai. Mlangoni mwa wodi akakutana na nesi kijana, mgeni kazini, ameinamisha macho.

"Baba," nesi akasema, "mama amepumzika."

Mzee Soli akashika ukuta. "Amepumzika? Kweli?"

"Ndiyo, baba. Saa kumi na mbili hivi. Taratibu tu, hakusumbuka."

"Basi msimwamshe," akasema. "Mimi nitakaa hapa hapa nje."

Nesi alimtazama, akaenda mbio kumtafuta mkubwa wake. Mzee Soli naye akapiga magoti, hayo hayo mabovu, kwenye sakafu inayonuka dawa, watu wakimkwepa na ndoo na vitanda vya magurudumu. Alimshukuru Mungu kwa sauti, huku analia. Akamwomba radhi kwa kule kununa. Akasema sasa ameelewa, kumbe alikuwa anasikilizwa muda wote. Pengine hakuwahi kusali hivyo maisha yake yote.

Alikuwa bado amepiga magoti wakati shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipotoka wodini amebeba mfuko wa plastiki. Ndani zilionekana kandambili, kitana na gauni.

"Unazipeleka wapi?" Mzee Soli akamuuliza. "Akiamka atavaa nini?"

Shemeji alikaa sakafuni kando yake. Akaufunika uso kwa ule mfuko.

Ndipo neno lilipomgeuka. Alilisoma kanisani miaka kumi na minane, fulani amepumzika, mazishi saa nane, wala hakuwahi kukwama. Lingesemwa kuhusu mke wa mtu mwingine angelielewa hapo hapo.

Mchungaji alifika, akaketi kwenye benchi, akafunua Biblia. Mzee Soli aliweka kiganja juu ya ukurasa, bila hasira, akamwomba akae naye tu. Mchungaji akakaa. Mzee Soli akawakumbuka wafiwa wote aliowasemesha siku kama hii, wakati walichotaka ni mtu wa kukaa nao. Aliumia kwa ajili yao pia.

Shemeji akanong'ona kwamba ile sala Mungu hataihesabu, maana Mzee Soli hakujua anashukuru nini.

"Aihesabu," Mzee Soli akasema.

Kisha akainua uso, na wote wawili wakajua kwamba haongei nao.

"Asante nimeshaitoa, sikunyang'anyi. Lakini usinidai nyingine."