Soketi ya Baba

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mapovu. Ile mashine ya oksijeni ilikuwa na kichupa cha maji ubavuni, na hewa ilipopita humo kwenda puani mwa Baba, maji yalitokota kama sufuria ya uji. Siku ya tatu tangu tuletewe, nikiwa namkanda Baba miguu, mapovu yakawa madogo, yakaanza kuja mojamoja. Ndipo nikaona na balbu imefifia. Ndipo nikasikia karasha limewashwa nyuma ya nyumba.

Karasha lenyewe ni la kwetu. Ni pipa la chuma lenye gololi ndani, linazungushwa na mota na kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Baba alilisimamia miaka kumi na sita hapa Katoro, tangu tulipohama Ushirombo. Kitambaa cha kuziba pua alikuwa nacho, lakini alikifunga shingoni, kwa sababu wenzake walimcheka kwamba anajifanya daktari. Vumbi likamwingia. Hospitali walisema mapafu yamekuwa magumu na hayatarudi. Karasha likabaki kwa kaka yangu Wilbard, na sote tukaendelea kula kwalo.

Mashine alituazima Sista Lukresia wa zahanati ya parokia. Siku aliyoileta alituita wote chumbani.

"Nani anakaa na mgonjwa?"

Wilbard akaninyooshea kidole. "Huyu, Mbuke. Huyu hatoki nyumbani."

"Unajua kusoma, Mbuke?"

Nikatazama chini. Niliishia darasa la tano. "Kidogo, Sista."

"Hii haitaki shule. Taa ya kijani, Baba anapata hewa. Taa nyekundu na kelele, umeme hautoshi, unafungua mtungi huu wa akiba haraka. Na soketi hii ni ya Baba peke yake. Asije mtu hapa na pasi, wala waya wa kumpelekea jirani. Simu nikiikuta inachaji hapa, naenda kuiuza mnadani."

Watu walicheka. Baba naye akacheka, akakohoa mpaka tukanyamaza.

Basi soketi ile tuliilinda kama altare. Hakuna aliyefikiria karasha, maana waya wake ulipita nyuma. Lakini nyaya zote mbili zilitoka nguzo moja, na mota ile ikianza kuvuta, chumba cha Baba kilibakiwa na makapi.

Nilikaa siku mbili kabla ya kumwambia Wilbard. Maneno kwangu hayatoki upesi. Nilimwambia nikimnawisha mikono ya chakula, naye hakukasirika. Tukakubaliana kwamba kabla ya kuwasha agonge dirisha, nami nifungue ule mtungi mdogo wa akiba na kumhamishia Baba mpira wa hewa. Tulikwenda hivyo wiki mbili na Baba akaanza hata kuomba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa maziwa.

Jumatano moja mtungi ukaisha, ukapelekwa Geita kujazwa. Wilbard akasema mwenyewe, "Leo hatusagi mpaka mtungi urudi jioni." Nikafua mashuka kwa amani.

Saa nne ikaingia guta imejaa viroba vya mawe, na nyuma yake Kamili, mwenye duara, shimo la dhahabu, kule porini, na wachimbaji wake kumi na mmoja kwa miguu. Mawe ya duara ni ya wote, kwa hiyo wote huyasindikiza na kuyakalia mpaka jiwe la mwisho lisagwe. Hakuna anayemwamini mwenzake.

"Wilbard, pakia mzigo," Kamili akasema.

"Subirini jioni, kaka. Mzee anatumia umeme."

"Mzee anatumia umeme? Siku hizi anachomelea mageti?" Wakacheka. Kamili mwenyewe hakucheka. "Vijana hawajala tangu jana. Kama umeshindwa sema. Kutoka hapa mpaka barabarani makarasha yamejaa."

Wilbard alitazama dirisha la Baba, akanitazama mimi.

"Mzigo mmoja tu, Mbuke. Mdogo."

Nikatikisa kichwa kukataa, lakini nilikitikisa kidogo sana, sijui kama alikiona.

Sasa karasha lina sheria zake. Likishabeba mawe ya mtu halizimwi mpaka yawe unga. Ukilizima katikati, mwenye mawe atasema umelizima kusudi, dhahabu igande ndani uje kuikomba akishaondoka. Watu wamevunjwa mikono kwa sababu hiyo. Na mwanamke halisogelei likiwa linasaga. Wanasema dhahabu hukimbia.

Likawashwa. Mapovu yakapungua. Nikaipigapiga ile mashine kana kwamba ni mtoto aliyesinzia, nikampepea Baba kwa mfuniko wa ndoo. Nikafungua mlango na dirisha. Vumbi likaingia, nikafunga dirisha. Taa nyekundu ikawaka na kelele zikaanza, pii, pii, na Baba akageuza macho kunitafuta. Kucha zake zilikuwa rangi ya zambarau zilizoiva.

Nikatoka mpaka kwenye kamba waliyofunga kuzuia watu.

"Kaka," nikasema. Karasha likalimeza.

Kamili ndiye aliyeniona. "Oya! Mwanamke huyo! Shemeji, umekuja kufukuza dhahabu yetu?"

"Mwache, labda anatafuta mchumba," mwingine akasema. "Dada, mimi hapa nina kiroba changu chote."

"Mbona hajibu? Ni bubu?"

"Siyo bubu," Wilbard akapaza sauti, "hana maneno." Akaja mpaka kwenye kamba, nyusi zimejaa unga. "Nini?"

"Imewaka nyekundu."

"Nyekundu tangu lini?"

"Sasa hivi. Baba anavuta kwa shida."

Akageuka akatazama pipa, akatazama wale watu waliokaa juu ya viroba na nyundo zao miguuni. "Limebakiza kidogo. Mkalishe wima. Nikilizima hapa watatuchoma moto na nyumba." Akanisukuma begani, si kwa nguvu. "Nenda, mdogo wangu, nenda."

Nikaenda. Nikamkalisha Baba wima, mgongo wake kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi kama kapu la pamba. Nilidhani ataniuliza kwa nini hawazimi. Lakini alikuwa anasikiliza karasha.

"Mawe bado yanagonga," akasema. Alivuta pumzi katikati ya kila neno. "Yakishalainika, mayu, hayagongi. Yananong'ona." Mayu, yaani mama, ndivyo alivyoniita tangu utotoni.

"Nikamwambie alizime, Baba?"

"Mawe ya watu." Akapumzika. "Watasema tumewaibia."

Nilikaa naye hivyo, mashine ikilia sikioni mwetu, mpaka kichwa chake kikalala upande. Baada ya hapo mawe yakaanza kunong'ona. Kisha karasha likazimwa, balbu ikawa nyeupe, kelele zikakoma, na mashine ikawasha taa ya kijani na kuendelea kumpa hewa mtu ambaye haipokei. Sikuichomoa. Wilbard ndiye aliyekuja kuichomoa.

Msiba ulijaa. Wilbard aliwaambia watu kwamba ni umeme wa siku hizi, hauna nguvu, na watu wakaitikia kwamba kweli, hata redio zinaungua. Kamili alileta kiroba cha mchele, akakaa na wanaume siku zote tatu kwa adabu. Dhahabu aliyopata kwenye mzigo ule, alisema, haikufika hata ya kununulia soli ya kiatu, na mmoja wa vijana wake akanitupia jicho. Sista Lukresia alipokuja kuchukua mashine aliniita kando. Aliniuliza taa nyekundu iliwaka muda gani. Nikasema sikumbuki. Akaniuliza nilifanya nini. Nikasema nilikwenda kumwita kaka, kisha nikarudi ndani.

Sikurudi moja kwa moja. Kutoka kwenye kamba nilizunguka upande wa stoo, nilikoanika mashuka asubuhi. Swichi kubwa ya karasha iko kwenye ukuta ule, nje, karibu na kamba ya nguo. Hakuna aliyenizuia. Niliishika. Ilikuwa ya moto kwa jua. Ilibaki kuivuta chini tu, hata mtoto anaweza. Ndipo mmoja wao akapiga mluzi, na wote, kumi na mmoja na Kamili, wakageuza shingo kunitazama. Nikaona kanga imenilegea kiunoni. Nikaondoa mkono, nikajifanya naanua shuka, na shuka lilikuwa bado bichi. Nikaingia nalo ndani, likidondosha maji.

Nikisema leo kwamba niliogopa dhahabu isikimbie, watu watanielewa. Nikisema niliogopa nyundo zao, watanihurumia. Lakini dhahabu yao sikuiwaza kabisa, na nyundo sikuzikumbuka. Walinitazama tu. Baba, niliona haya.