Robe Mpya ya Sifa

Mkitazama karatasi zetu za zamani za hadithi za picha mtaona Sifa amevaa robe, yaani gauni, ya vitone tangu picha ya kwanza, halafu ghafula ana robe nyingine, ya kola pana na mfuko mmoja kifuani. Wajukuu zangu huuliza kama René, mdogo wangu, alichoka kuchora vitone. Hapana. Ni kwa ajili ya mama Kadidja.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mangobo, miaka michache kabla ya uhuru. René alichora, mimi niliandika maneno, kwa sababu masista walikuwa wamenifikisha mwisho wa shule ya msingi na mwandiko wangu ulisomeka. Hadithi yetu ilikuwa ya mji ulio chini ya mto, wenye taa za mawese ambazo maji hayazizimi, na humo waliozama waliishi wazima. Sifa, msichana mwenye kovu juu ya jicho, alilinda mlango. Tulipoanza, René alitaka mlango uwe mbali, mahali pasipo na jina. Mimi nikasema uwe kwenye maporomoko, kati ya miti ya mitego ya wavuvi Wagenia, maana watu hupenda kuona mahali wanapopajua. Ikawa hivyo, na karatasi ikauzika sokoni vizuri.

Asubuhi moja mama Kadidja akaingia uani kwetu. Alikuwa mtu wa Maniema, muuza vitumbua, jirani yetu wa njia ya nyuma. Binti yake Zaina alichukuliwa na mto msimu wa mvua, na mwili haukuonekana. Siku hiyo alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani kama anayesafiri, na kwapani alibana kifurushi.

"Sikai," akasema nilipomvutia kiti. "Nakwenda kule kwa Wagenia. Napita tu kuuliza, mulango inafunguliwa saa gani?"

René akacheka, akidhani ni utani. "Mama, hiyo hata miye sijui. Uulize Sifa."

"Nitamuuliza."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na robe ya buluu, mishono yake midogo na sawa, pindo lake limeachwa kubwa ili lishushwe mtoto akirefuka.

"Tangu muanze, mutoto anavaa robe moja tu," akasema. "Magoti iko nje. Kule chini hakuna hata mama mumoja wa kumushonea?"

René akaacha kucheka.

Sifa hakubadili nguo kwa sababu tuliamua hivyo tangu mwanzo. Uso ulipotoka vibaya, vitone vilimwambia msomaji kwamba ni yeye. Mama Kadidja alikuwa ameona kitu kingine katika vitone hivyo.

"Mama," nikasema, "mlango haupo. Tuliubuni hapa, kwenye meza hii."

"Munanificha. Munaogopa nitamurudisha juu, karatasi yenu ikose mutu."

Akaanza kufunga robe. Niliyajua yale mawe ya kule, yanavyoteleza, na maji yanavyovuta. Nikasogea nikasimama langoni, polepole, kama ninayetafuta kivuli.

"Basi tuulize," nikamwambia. "Uliza lolote juu ya Sifa."

Akanitazama. Kisha akamgeukia René. "Anashika taa na mukono wa kushoto. Zaina alikuwa wa kushoto."

"Mashine yetu ya kuchapia inatoa wino mbaya upande ulipo mkono wake wa kulia, mama. Taa ingepotea. Tazama, hata mfalme wa mji anashika fimbo kushoto."

"Na hana viatu."

"Viatu vinanishinda. Bon, huyo mfalme nimemficha miguu ndani ya majani."

Akainama kutazama. "Kweli. Anafanana na mutu amekwama mu matope." Mdomo wake ulitaka kucheka, ukakataa. "Na kovu?"

Nilitamani René adanganye.

"Kovu ni la Zaina," akasema. "Alikuwa anapita hapa kila asubuhi na beseni yenu ya vitumbua. Alipoacha kupita, mkono ukamchora wenyewe."

"Donc, basi iko yeye."

Akaweka kifurushi kichwani, akanijia pale langoni. "Mama Adèle, unipishe."

Sikumpisha. "René, mchore. Sasa hivi. Na robe hiyo."

"Yaya, dada yangu, akimuona nayo ataamini imefika."

"Mchore akiwa anatazama."

René akachukua penseli. Akaanza na kichwa, misuko, shingo. Mama Kadidja alisimama mbali, mgongo kwangu, mguu mmoja ukielekea nje bado. René akachora kola.

"Ya kwangu iko pana," mama Kadidja akasema.

René akaifuta, akaichora tena.

"Pana, nimesema. Hii iko kola ya askari." Akashusha kifurushi, akasogea na robe mikononi. "Na mufuko, mumoja, hapa."

René akafuta tena. Safari hii kifutio kiliteleza, kikaondoa shavu la mtoto. Mama Kadidja akamdaka kifundo cha mkono. Aliushika hivyo, na mimi niliona kucha zake zinavyoingia ndani ya ngozi ya mdogo wangu. René hakuuvuta mkono.

Kwenye karatasi Sifa alikuwa amevaa robe ya kola pana. Mama Kadidja aliitazama hiyo, akaitazama ile aliyoishika.

"Robe iko hapa," akasema taratibu.

"Eh, mama."

"Na yeye ameshaivaa."

"Eh."

"Alors iko weye. Siku zote ilikuwa weye tu."

"Ni mimi, mama."

Akamwachia. "Rudisha shavu. Alikuwa na mashavu, yule."

Alipotoka nilimfuata. Penye njia panda, njia moja inakwenda mtoni, nyingine kwao. Alisimama pale, robe imekunjwa begani, akijibu salamu za wapita njia. Mimi nilihesabu nguvu zangu, kama ningeweza kumshika. Halafu akakunja kwenda kwao. Nikaingia naye, nikakaa mpaka dada zake walipokuja.

Mlango tuliuhamishia mahali pasipo na jina. Wanunuzi walilalamika sana: huyu wa kola ni nani, Sifa wetu iko wapi? René akataka kurudisha vitone. Mama Kadidja akapita pale sokoni na beseni lake, akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwaka kesho," akamwambia René, "umushushie pindo."