Abiria wa Nkaya

Bonifasia alikuwa na haja moja tu na meli: mguu wa mwanawe Luisa. Mtoto alizaliwa na unyayo uliopinda, na hospitali ya Liuli ilikuwa ikiunyoosha kidogo kidogo, kila mwezi hogo jipya la plasta. Hogo halitaki maji, kwa hiyo mtumbwi haukufaa. Njia ya miguu ilipanda milima ya mawe. Mtu mzima mikono mitupu aliiweza, si mwenye mtoto mgongoni. Ilibaki meli.

Basi shirika lenye treni na meli lilipotangaza kwamba serikali imechoka kutoa ruzuku, na kwamba mkaguzi atapita kuona ni vituo gani vya ziwani vina abiria, Bonifasia hakukaa kulalamika. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji cha Nkaya, mzee Cleopa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Luisa. Kwema?"

"Si kwema. Mkaguzi akitukuta wawili watatu, Nkaya imefutwa. Nataka kijiji kizima kipande meli."

"Kiende wapi?"

"Kituo cha mbele. Mtarudi kwa miguu."

Cleopa alicheka mpaka akakohoa. Lakini Nkaya ndivyo ilivyo: wavu ukivutwa, aliye karibu hushika kamba hata kama hajaitwa. Siku ya meli watu walijaa ufukweni na vikapu vitupu vilivyofunikwa khanga. Bibi Ephrasia, ambaye hakuwahi kupanda meli maishani mwake, alikuja na kuku.

"Na huyu atahesabiwa?"

"Mvalishe kilemba," alijibu Bonifasia.

Mkaguzi, Bwana Nazari, alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alipoona kutoka sitahani boti la meli linakwenda ufukweni na kurudi, linakwenda na kurudi, uso ulimchangamka.

"Hongereni! Sijaona kituo kama hiki tangu nianze safari."

"Tunasafiri sana," alisema Cleopa.

"Basi ninyi hamhitaji ruzuku. Kituo kinachojaa hivi kinaweza kulipa nauli kamili. Nitapendekeza ipande mara tatu."

Kuku akalia.

"Na ungetukuta watatu?" Bonifasia aliuliza.

"Ningependekeza meli isisimame. Serikali haiwezi kuendelea kulipia viti vitupu, mama. Hata treni za abiria tunazipima hivyo hivyo."

"Kwa hiyo tukijaa hatuhitaji, tukipungua hatustahili."

Nazari alivua miwani. "Ukisema hivyo inasikika vibaya."

"Greda lililochonga barabara ya Kitai, nani alilikatia tiketi?"

"Ile ni barabara."

"Na yetu ni hii," alisema, akionyesha maji.

Nazari alirudia kuhesabu vichwa. Hakutumwa kujibu.

Cleopa alimvuta Bonifasia pembeni. "Tumwambie ukweli. Nauli mara tatu nani ataiweza?"

"Nyamaza, mzee. Meli ya ghali inasimama. Meli iliyofutwa haisimami."

Kituo cha mbele watu wa Nkaya walishuka na vikapu vyao, wakaukabili mlima, kuku kwapani. Nazari aliegemea ukingo wa meli akawatazama wakipanda kuelekea walikotoka.

"Mbona wanarudi?"

"Wamesahau kitu," alisema Bonifasia, akiunyanyua vizuri mguu wa Luisa.

Nazari alifuta miwani yake kwa muda mrefu. Alipoivaa tena, aliangalia upande wa pili wa ziwa.

Nauli ikapanda. Siku ya hogo lililofuata ilipokaribia, kila nyumba iliyotoa mtu wa kujaza meli ilitoa usipa, vile visamaki vya kuanika, mpaka kikapu cha Bonifasia kikafurika. Akawauzia wachuuzi waliotoka Mbinga, akapata nauli. Hakushukuru kwa maneno mengi. Alisema tu kwamba mwezi ujao kikapu ni cha jicho bovu la Bibi Ephrasia, naye apelekwe Liuli, na asiyetoa asije akaugua.

Meli iliposimama, boti lilichukua watu wawili, yeye na Luisa. Kutoka juu ya sitaha mtoto aliangalia ufukweni. Watu walikuwa wamesimama wamebanana, wamebeba vikapu. Cleopa aliwapanga mbele mbele, endapo Nazari yumo ndani ya meli.

"Mama, na wao wanasafiri?"

"Hapana," alisema Bonifasia. "Wanajaza kituo."