Banda la Vioo la Trevor

Kwa mara ya nne asubuhi hiyo Glenys Ormerod aliambiwa kwamba alikuwa amenunua vitu vya bustani, na kwa mara ya nne alitamani kuitupa simu dirishani. Hakuitupa, kwa sababu dirisha lenyewe lilikuwa limejaa miche ya nyanya.

"Bi Ormerod," alisema kijana wa benki, aliyejitambulisha kwa jina la Reece, "kwenye mfumo wetu malipo yote kumi na moja yanasoma duka la bustani."

"Najua yanavyosoma, mwanangu. Mimi nakwambia yalikuwa nini. Kamari! Hao wa kamari wamejiandikisha kwenu kama duka la bustani ili msiwazuie."

"Lakini kadi yako imefungwa isilipie kamari."

"Ndiyo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba ifungwe!"

Hapo ndipo palipomuuma. Mwaka juzi, baada ya michezo ya kamari ya kwenye simu kula fedha yote ya Krismasi, alikwenda kwa miguu yake kwenye tawi la benki mjini Accrington akaomba kadi yake ifungwe, maana hakujiamini. Ikafungwa. Kisha Februari hii, alasiri moja mumewe, Trevor, akiwa kwenye kishamba anachokodi kwa manispaa, aliijaribu tu kwenye kamari, aone. Ikapita. Hadi mwisho wa wiki zilikuwa zimekwenda pauni elfu mbili na mia tatu.

Trevor ni mtu wa taarifa za benki za karatasi, huzipitia mstari kwa mstari na penseli mkononi. "Duka la bustani?" aliuliza, uso umemchangamka. "Unaninunulia nini wewe?" Mwezi Mei angetimiza miaka sabini. Glenys alisikia mdomo wake ukisema, "Banda la vioo, la kuoteshea nyanya." Tangu siku hiyo mzee wa watu amemwaga zege la kulisimamishia nyuma ya nyumba, ameotesha nyanya katika kila kikopo cha maziwa ya mgando, mpaka bafuni, na kila lori likipunguza mwendo barabarani huchungulia. Benki isiporudisha fedha hiyo kabla ya Mei, banda halitanunuliwa, na Trevor atajua kila kitu.

"Madai ya kamari siwezi kuyapeleka, mfumo hauoni kamari," alisema Reece, kisha akashusha sauti. "Ila kama ulilipia bidhaa na haikufika, hilo nalijaza sasa hivi. Linapita bila shida."

"Kwa hiyo nikisema kweli sipati, nikidanganya napata?"

"Sijasema udanganye, Bi Ormerod. Nauliza tu kama bidhaa ilifika."

Wiki sita za barua na simu, na jibu ndilo hilo! Alikuwa bado anatafuta tusi la kumfaa wakati Trevor alipoingia jikoni na buti zake za matope. Simu ilikuwa mezani, spika imefunguliwa.

"Benki hao? Kuhusu banda langu?" Akaiinamia simu. "Kijana, mimi mumewe. Halijafika hata skrubu! Nimeshamwaga zege, bwana!"

"Safi kabisa," alisema Reece, amefurahi kweli. "Bi Ormerod, nithibitishie tu. Uliagiza banda la vioo?"

Ilitakiwa "ndiyo" moja tu. Trevor alikuwa ameshavaa miwani na kuchukua penseli, tayari kuandika namba ya madai. Alimwamini mkewe kiasi cha kumkasirisha Glenys mwenyewe.

"Hapana," alisema Glenys. "Nilicheza kamari, Trev. Malipo yote kumi na moja. Banda halijawahi kuwepo."

Trevor aliishika penseli bila kuandika kitu.

Reece alikohoa. "Basi, kwa kuwa umekiri ulicheza, dai la bidhaa siwezi kulijaza. Kwetu itabaki duka la bustani. Kuna lingine naweza kukusaidia leo?"

Glenys alinyoosha mkono akate simu. Trevor akauzuia, bila kumtazama.

"Lipo," alisema. "Mke wangu amekwambia ni kamari. Andika kamari."

"Mzee, mfumo hauniruhusu..."

"Mwite anayeruhusiwa."

Aliondoa trei ya miche kwenye kiti, akaketi, akaanza kufungua kamba za buti. "Tupo," alisema. "Tunasubiri."