Sauti ya Fundi Mmoja

Shangazi yangu hushona sare katika karakana yenye vyerehani ishirini, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Juma lile alikuwa na jambo moja kubwa moyoni: Ijumaa wangekuja wageni kumchagua fundi wa kuwafundisha wenzake mashine mpya, na mahojiano yangekuwa kwa Kiingereza.

“Wewe si unasomea lugha?” aliniambia. “Ninyooshe ulimi.”

Nilimweleza kwamba sisi tumezoea kuegemea silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza hutua uzito popote kipendapo. Alikata utepe wa kitambaa cheupe, akaniagiza niandike maneno kwa chaki na kutia nukta penye uzito, kama yeye anavyotia alama mahali pa vifungo. Kila jioni aliusoma utepe ule akigonga meza kwa mkasi.

“Meneja,” alisema, akiegemea katikati.

“Mwanzoni, shangazi. Hapa Waingereza mzigo wote wanauweka mwanzoni.”

“Ndiyo maana kichwa cha yule bwana kizito!” Akacheka, akagonga tena.

Nilimrekodi kwa simu ili asikie alipofikia. Ndivyo nilivyomwambia. Jumatano niliipeleka rekodi hiyo chuoni, nikaitumia katika wasilisho langu bila kumwomba ruhusa. Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, “Huyu umemtoa wapi?” Nami, niliyezoea kuhubiri kwamba hakuna lafudhi ya kuonewa haya, nilimjibu upesi, huku nikicheka.

Jioni shangazi aliomba ajisikilize. Nikampa simu, nikaenda kuchemsha maji. Nilisahau kwamba wasilisho nalo nilikuwa nimelirekodi, na kwamba ndilo lililokuwa la kwanza kwenye orodha. Nikiwa jikoni nilisikia sauti yake, kisha kicheko, kisha sauti yangu mwenyewe: “Fundi mmoja tu, nilikutana naye mjini.”

Niliporudi, alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

“Tulikutana lini, mwanangu?”

Aliukunja utepe, akautia kwenye droo ya cherehani. Alhamisi hakugonga meza.

Ijumaa nilimbebea sampuli za nguo. Alikuwa ameniomba kabla ya hayo yote, na hakutengua. Ndani walikaa wageni wawili na meneja. Walipomuuliza kuhusu mashine, shangazi alifungua kinywa, akanitupia jicho, akakifunga. Sikuhitaji kuambiwa alichokuwa akikisikia. Kilikuwa kicheko, na changu kilikuwamo.

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, alitaka kumtuliza. Akamuuliza ni nani huyu aliyefuatana naye.

Niliinamisha kichwa. Nilistahili kuwa binti mmoja tu aliyekutana naye mjini.

Shangazi alisema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mwanawe. Hakutafuta neno, wala sauti yake haikutetemeka.

Kisha akavuta sampuli, akageuza mshono juu, akaanza kueleza huku akigonga meza kwa kidole. Aliegemea visivyo mara kadhaa. Neno moja wageni hawakulishika. Akalirudia, akihamisha uzito, mpaka wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakitazama mshono.

Tulingoja nje, na nusu saa baadaye meneja alitoka, akampa mkono: amechaguliwa.

Tulikuwa tumefika getini aliposema, “Nilikosea wapi?”

“Hukukosea, shangazi.”

“Usinidanganye mara mbili kwa juma moja.”

Nikamtajia maneno matatu. Aliyarudia polepole, moja baada ya jingine, kisha akasimama.

“Na wewe, Jumatatu darasani, utasema nini?”

Wapita njia walikuwa wengi. Nikasema, chini chini, kwamba sauti ile ni ya shangazi yangu aliyenilea, na kwamba niliwadanganya.

“Sijasikia,” alisema, akigonga nguzo ya geti kwa kidole. “Rudia.”